Tuulizeni hali ya mikono yetu, na jibu letu liandikwe

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Oktoba gazeti hili hutenga kurasa kwa ajili ya saratani ya matiti, nami ni mmoja wa wanaozisoma hadi mstari wa mwisho. Safari hii mmeeleza vizuri jinsi ya kujipapasa, wapi pa kwenda ukihisi kivimbe, na kwa nini kuchelewa kunaua. Hongereni. Ila waliokwisha kutibiwa mmewaacha mlangoni. Mwanamke akishatolewa ziwa, akamaliza dripu na mionzi, akapewa tarehe ya kliniki, kwenu habari yake imekwisha. Habari ya mkono wake haiandikwi.

Mimi ni fundi cherehani, nashona hapa Mabatini, Mwanza. Nilitibiwa ziwa la kulia na tezi za kwapani zikaondolewa. Hospitali siitaji, kwa sababu sina ugomvi nayo. Walioniokoa ndio hao hao ninaotaka kuwasema kidogo, na mtu akikuokoa ukimsema unamsema kwa adabu.

Wa kwanza kunishtua alikuwa mkasi. Mkasi wangu wa kukatia ni ule wa chuma, mzito, na tundu la dole gumba nimelizungushia kitambaa lisinichubue. Nikaanza kuona kila nikimaliza kukata gauni moja la kitenge, dole gumba limebaki na alama ya duara, na kulichomoa ni mpaka nilizungushezungushe. Kwa macho mkono ulikuwa ule ule. Mume wangu aliuangalia kwenye mwanga wa mlangoni akasema haoni kitu, na kweli kitu cha kuona hakikuwepo. Lakini ikifika jioni unakuwa mzito, unavuta kuanzia kwapani, na ngozi ya juu ya kiwiko naihisi imebana kana kwamba nguo imepungua kipimo.

Nikalisema kliniki. Nikajibiwa kwamba hiyo ni kawaida baada ya upasuaji, nitazoea. Daktari akainama akaandika, nami fundi nimezoea kusoma vipimo vya watu kwa kichwa chini juu, nikachungulia. Ameandika naendelea vizuri.

Sasa Mhariri, wewe ni Mtanzania, unatujua. Mtu akikuuliza "Unaendeleaje?" unamjibu nini? "Namshukuru Mungu." Hata aliyevunjika mguu yuko kitandani atakujibu hivyo hivyo, kwa sababu lile ni neno la kuamkiana, na kulijibu kwa orodha ya maumivu ni utovu wa adabu. Huku kwetu Usukumani ndiyo kabisa: mama mtu mzima hawezi kumlalamikia kijana wa umri wa mwanawe aliyevaa koti jeupe, foleni iko nje ya mlango, na wenzake wametoka Sengerema alfajiri. Atasema anashukuru, atachukua kadi, ataondoka. Kijana naye ataandika alichosikia. Hakuna aliyedanganya, na mkono unaendelea kuvimba.

Ndiyo maana naandika. Ombi langu ni kwamba wanawake waliotolewa tezi za kwapani waulizwe kwa maswali yanayojibika, wapewe njia ya kujipima wenyewe nyumbani, na wanachokisema kiandikwe kwenye faili kama kinavyoandikwa kipimo cha damu.

Kwa wasiolijua tatizo, nieleze kifupi. Mwilini, mbali na mishipa ya damu, kuna mishipa mingine myembamba inayorudisha maji yaliyovuja kutoka kwenye damu (maji hayo yanaitwa limfu), nayo hupita kwenye tezi, zikiwemo za kwapani na za kinenani. Tezi za kwapani zikikatwa, au mionzi ikiziharibu, njia inakuwa finyu. Sisi wa Mabatini hatuhitaji kufafanuliwa sana: Mto Mirongo ukiziba kwa taka huko chini, maji yanarudi juu kuingia vyumbani mwetu, hata kama mvua ni ya kawaida tu. Uvimbe huo wataalamu wanauita limfedema. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa karibu mwanamke 1 kati ya 5 waliotibiwa saratani ya matiti huupata, na waliotolewa tezi nyingi za kwapani ndio walio kwenye hatari zaidi. Wengi huwaanza ndani ya miaka miwili ya mwanzo, ingawa wapo unaowajia baadaye sana. Haufutiki moja kwa moja, lakini ukikamatwa mapema unazuilika usikue.

Na neno "mapema" ndilo lenye mambo. Binti wa dada yangu anasomea fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, na ndiye aliyenieleza kwamba wataalamu wa dunia nzima wanaugawa uvimbe huu katika hatua, kuanzia sifuri hadi tatu. Nilimwuliza hatua sifuri maana yake nini, kama si kutokuwa na ugonjwa. Akasema hapana, sifuri ni pale maji yameanza kushindwa kupita vizuri lakini macho hayaoni kitu. Mgonjwa mwenyewe tu ndiye anayehisi uzito au kubanwa. Hatua ya kwanza uvimbe unaonekana, ukiuinua mkono unapungua, na ukibonyeza kwa kidole pale pabonyezwapo panabaki shimo kwa muda. Ya pili hata ukiuinua haushuki tena kwa urahisi, na nyama zinaanza kuwa ngumu. Ya tatu ngozi inakuwa nene, inakakamaa, inaota mikunjo na vinundu.

Hebu ifikirie hiyo sifuri. Ni hatua inayojulikana kitabibu, na mwenye habari zake za mwanzo ni mgonjwa. Daktari asipouliza ataijulia wapi? Mimi na mkasi wangu tulikuwa na habari kamili siku ile, na zikapotea mezani kwa kukosa mahali pa kuziandika.

Najua litakalosemwa. Watasema wagonjwa hawajui kupima, wengine wanakuza mambo, wengine wanaficha. Jambo hili lilikwisha kuangaliwa. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa matokeo ya maswali waliyowauliza kwa simu wanawake waliotibiwa saratani ya matiti. Kwa simu, Mhariri, bila kuwaona. Waliwauliza kuhusu kiganja, mkono wa chini ya kiwiko, na mkono wa juu: je, huu wa upande uliotibiwa ni mkubwa kuliko mwenzake? Kama ni mkubwa, tofauti ni ndogo kiasi kwamba unaiona wewe peke yako? Au wanaokufahamu vizuri wanaiona, lakini mtu baki haoni? Au inaonekana wazi kwa yeyote? Basi. Kisha majibu yakalinganishwa na uchunguzi wa wataalamu wa fiziotherapia waliowashika wanawake hao mikono kwa mikono yao, na yakakubaliana kwa kiasi kikubwa.

Mimi nilipoelezwa maswali hayo niliyapenda papo hapo, kwa sababu hayamtaki mtu alalamike. Hayaulizi unaumwa kiasi gani. Hilo mwanamke wa huku atalipunguza kwa heshima. Yanauliza nani anaona. Na hakuna mwanamke asiyejua nani anaona! Unajua kabisa siku shoga yako alipokutupia jicho kwenye mkono ukiwa unampa chenji. Unajua siku mtoto wa jirani alipouliza kwa sauti mbele za watu. Hayo tunayakumbuka bila daftari.

Na kwa jiografia yetu hii, swali la simu ni mali. Wagonjwa wa Kanda ya Ziwa wanatoka Geita, Bariadi, Musoma, visiwani. Mwanamke wa Ukerewe anayekuja kliniki Mwanza analipa meli, analipa daladala, na akikosa ndugu mjini anatafuta pa kulala. Akifika anaulizwa anaendeleaje, anamshukuru Mungu, anarudi Nansio. Nesi mmoja mwenye simu na karatasi yenye maswali hayo angejua mengi kuliko hayo kabla hajapanda meli, na angejua nani anapaswa kuja haraka na nani anaweza kusubiri.

Huyo wa Ukerewe simtungi. Nilikaa naye benchi moja, anaanika dagaa kwenye mwalo kisiwani, alitibiwa ziwa la kushoto. Kusoma hajui, na futi kamba niliyokuwa nayo shingoni aliitazama akacheka. Akafungua pindo la khanga akatoa kipande cha uzi wa nyavu, ule wa nailoni. Kwenye uzi kuna mafundo. Anauzungusha mkononi kuanzia pale penye kovu la kuungua, chini ya kiwiko, na pale ncha inapokutana na uzi anapiga fundo. Fundo likisogea, mkono umenenepa. Akanionyesha moja lililosogea baada ya msimu wa dagaa wengi, alipokuwa akibeba mabeseni mfululizo, na lililorudi baada ya kupumzika. Nailoni haiozi upesi ikilowa kama uzi wa pamba, alisema, ndiyo maana ameichagua. Nimeshona tangu usichana wangu na sijaona kipimo kilichofikiriwa vizuri kuliko kile: mahali pamoja, alama ya mwilini isiyohama, uzi ule ule. Kliniki hakuna aliyewahi kumuuliza kama ana kipimo.

Ana jambo lingine lililonifanya niandike barua hii badala ya kuliacha moyoni. Kwa kuangalia tu, mkono wake ulikuwa na nafuu kuliko wangu. Lakini mimi nakaa, nasukuma kitambaa, nikichoka natundika mkono kwenye mgongo wa kiti. Yeye beseni la dagaa wabichi akilinyanyua hawezi kuliweka kichwani. Anamlipa kijana amsaidie, na faida inaishia kwa kijana. Sasa nani mwenye hali mbaya kati yetu? Futi kamba itasema mimi. Kwa hiyo maswali ya wale wa Marekani mimi ningeyaongezea moja la kwangu, la kiswahiliswahili: ni kazi gani uliyokuwa ukiifanya kwa mkono huo ambayo sasa umeiacha au unamlipa mtu? Jibu la hilo haliwezi kuwa "namshukuru Mungu."

Tukija kwenye kupima kwenyewe, hapa nisemeshe kifundi. Futi kamba ya kushonea inatosha, ile yenye sentimita upande mmoja, ilimradi isiwe kuukuu. Zile za zamani zinavutika na kudanganya. Mkono uulaze mezani, anzia kwenye kifundo cha mkono, pale mfupa ulipochomoza karibu na kiganja, weka alama kwa kalamu kila baada ya sentimita 10 kupanda juu, upime mzunguko kila penye alama, na kiganja nacho ukipime penye vifundo vya vidole ukiacha dole gumba. Futi iguse ngozi isiikabe. Wateja wengi huvuta pumzi nikiwapima kiuno, mkononi hakuna pumzi ya kuvuta lakini kuna kukaza. Pima mikono yote miwili, saa ile ile ya siku, kwa sababu asubuhi na jioni si sawa. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi kati ya mikono mahali pamoja ndiyo inayotumika sana kama alama ya hatari. Lakini hapo fundi yeyote atakuambia jambo ambalo nashangaa halisemwi sana: mikono ya mtu haifanani tangu kuzaliwa. Anayetumia mkono wa kulia, wa kulia mara nyingi ni mnene kidogo. Kama ziwa lililotibiwa ni la kushoto, mkono wa kushoto unaweza kuvimba na kwanza ukamfikia tu mwenzake, futi ikasema vyote sawa. Dawa yake ni kupimwa mikono yote miwili kabla ya upasuaji na vipimo viandikwe. Ni kazi ya dakika chache. Mimi mteja wa gauni la harusi simkatii kitambaa bila vipimo, na huyo anakatwa kitambaa tu.

Kujipima kuna udhaifu wake pia, nisije nikaonekana napiga debe. Mkono unaovimba polepole unauzoea, kama ulivyozoea uso wako kwenye kioo. Hapo ndipo uzi au futi vinakusaidia dhidi ya macho yako mwenyewe. Wapo wanaojua lakini hawasemi kwa kuogopa gharama, au kwa kumwogopa mwanamume aliyekwisha kununa tangu upasuaji. Nimewashonea wateja wawili watatu mikono ya gauni isiyolingana, wa kushoto nikaupanulia kwa siri ndani ya mshono, na mmoja aliniambia nisimtajie hata dada yake aliyekuja kuchukua nguo. Mtu kama huyo hatajibu mbele ya foleni. Labda kwa simu, akiwa jikoni kwake.

Wamenijia pia wanaotaka niwashonee soksi ya mkono ya kubana kwa kitambaa cha kuvutika. Nakataa, na naomba mafundi wenzangu wa Makoroboi wakatae. Ile ya kitabibu hubana zaidi kwenye kiganja na kifundo, ikilegea kadiri inavyopanda, ili maji yasukumwe juu. Na mtaalamu ndiye anayepima ukubwa. Ukitia lastiki juu ya kiwiko umefunga mlango wa kutokea.

Kuhusu chale nitasema wazi, watakaokasirika wakasirike. Huku kwetu mkono ukivimba peke yake, watu hawasemi limfu. Wanasema ametupiwa kitu. Mkono unachanjwa ili damu mbaya itoke, unapakwa dawa nyeusi. Mkono wenye limfedema ndio mkono usiotakiwa kukatwa hata na mwiba wa samaki, kwa sababu maji yaliyotuama ndani ni karamu ya vijidudu. Mimi nikijichoma sindano naacha kazi, naosha kwa sabuni, nafunga. Na ukiona mkono umepata joto ghafla, unauma, umeongezeka ukubwa, nawe unatetemeka kwa homa, usisubiri tarehe ya kadi na usianze na dawa ya malaria kwa kubahatisha. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, unahitaji antibayotiki. Vitabu vinasema ngozi itakuwa nyekundu. Kwa ngozi yangu hii wekundu huo nitausubiri sana. Gusa kwa mgongo wa kiganja cha mkono mzima, ulinganishe joto.

Wengine hutuita wagonjwa wa matende. Si tusi, ila si ugonjwa ule. Matende wanayoyajua sana wenzetu wa Tanga, Lindi na Mtwara yanaletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ikaharibu mishipa hiyo hiyo ya limfu, mara nyingi miguuni. Sisi tumeharibiwa njia na kisu na mionzi, kwa nia njema. Lakini matunzo yanakaribiana: kuosha kila siku kwa maji na sabuni, kukausha vizuri hasa kwenye mikunjo, kulainisha ngozi kwa mafuta, kuinua kiungo, kukichezesha. Na hata wao mgonjwa ana swali la kujiuliza mwenyewe ambalo wataalamu wanalitumia kutenga hatua ya kwanza na zinazofuata: je, ukilala usiku, asubuhi unakuta uvimbe wa mguu umeshuka? Tena swali la kitandani, halina mashine.

Sidai hospitali zetu zinunue mitambo. Nadai karatasi moja ndani ya faili, yenye mchoro wa mikono miwili, mahali pa kuandika sentimita, na maswali yale ya nani anaona, pamoja na lile langu la kazi kama litakubalika. Mgonjwa aruhusiwe kwenda nyumbani na nakala yake. Nesi wa zamu, akipata nafasi, apige simu kwa wa mbali. Walio karibu na Mabatini wasiojua kushika futi waje kibandani kwangu, nitawapima bure nyuma ya pazia la kujaribia nguo na kuwaandikia. Ni kazi niliyoizoea.

Kwako Mhariri ombi ni dogo zaidi. Kwenye ukurasa wa afya yachapishe maswali hayo ndani ya kisanduku, kwa herufi kubwa. Gazeti lako huku halisomwi na mnunuzi peke yake. Linapita saluni, linapita kijiweni, mwisho linafungia maandazi sokoni, na wengine tunalisoma tukishamaliza andazi. Tafadhali yasiangukie kwenye kona ya picha, mafuta huanza kuloanisha hapo.

Ni mimi,
Fundi cherehani,
Mabatini, Mwanza
(Jina langu unalo, lihifadhi.)